Vikombe vya Masikio

Machimbo ya Nyakarama, karibu na Murongo
11 Januari 1953

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kutoka kwa wasichana watatu ninaolala nao, maana nimewasimulia habari zako mpaka wanakuogopa bila kukuona. Sisi ni wazima. Mvua ikipiga bati usiku hatusikiani, lakini nyumba haivuji. Baba mguu wake unaendeleaje? Mwambie asiende shambani peke yake.

Sasa nisikilize. Nimetolewa ghalani, nimepewa kiti cha simu! Ni ofisi ndogo yenye ubao mkubwa uliojaa matundu, na kila tundu lina watu wake: mashimoni, kwenye pampu, zahanati kwa dresa, kivukoni, nyumbani kwa Bwana Mkubwa. Mtu akipiga nachomeka waya, namuuliza anamtaka nani, namuunganisha. Kichwani navaa utepe wa chuma wenye vikombe viwili vinavyoziba masikio, na sauti inatokea humo. Bwana Mkubwa anataka wasichana kwa kazi hii, anasema sauti yetu inapita vizuri kwenye waya. Huo utepe ulitengenezwa kwa kichwa cha mwanamume wa Kizungu, kwangu ulikuwa unateleza, kwa hiyo nimeukaza kwa kipande cha kanga. Ungeniona ungecheka mpaka utokwe machozi.

Nakaa hapo tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Waya unapita karibu na mtambo wa umeme, kwa hiyo ndani ya vikombe kuna mvumo usiokoma, na radi ikipiga upande wa Uganda inanipasukia humo humo sikioni. Nikivua jioni naona ardhi laini, kama natembea juu ya majani yaliyotandazwa kwenye tope. Wenzangu wanasema natembea kama bata. Tunacheka wote.

Nimetia sahihi hadi mwisho wa Julai. Kama arusi yangu bado ni Septemba, itanikuta nyumbani, ndivyo mlivyokubaliana na watu wa Mwalimu Rwegoshora. Usisahau kunijibu.

Ni mimi mwanao,
Kokuhirwa


Kayanga
2 Februari 1953

Kokuhirwa mwanangu,

Marahaba, na hao watatu waambie marahaba pia, na wasiache kuniogopa. Barua yako ameileta dereva wa lori la Jumamosi, ameishika kwa mikono yenye grisi, lakini nimeisoma yote mwenyewe. Waliosema sisi wajane wa darasa la ubatizo hatutajua kusoma waje waone. Baba yako hasikii la mtu. Juzi kakata mkungu peke yake, ukamwangukia begani, sasa ana mguu na bega. Nimemfokea mpaka nikachoka. Kahawa imechanua vizuri.

Hivyo vikombe vyako mimi sivijui. Nijuavyo, msichana akikaa kitako kutwa nzima miguu inasahau kazi yake. Ukitoka ofisini tembea.

Jambo lenyewe ni Pasaka. Omba ruhusa, kwa sababu watu wa Rwegoshora wanakuja Jumatatu ya Pasaka kukutazama. Unajua utaratibu, lakini nakukumbusha, maana mama yako hayupo na kazi hii ni ya shangazi. Utatoka ndani na kikapu cha buni za kutafuna. Utapiga magoti mbele ya kila mgeni, utamsalimu, utampa, utainuka, utakwenda kwa anayefuata. Watakuwa tisa. Baba yake Rwegoshora, Mzee Kaijage, hana shida na magoti. Yeye tangu aokoke shida yake ni pombe tu, akipita nyumba wanayokamulia ndizi za lubisi anaanza kuimba kwa sauti. Wa kumwogopa ni shangazi wa bwana arusi, Kokugonza. Huyo hatazami uso. Anatazama msichana anavyoinuka. Mkono usiguse chini, wala usiyumbe. Mimi niliinuka mbele ya watu kumi na wanne nikiwa na homa, na niliolewa.

Fanya mazoezi.

Shangazi yako,
Evangelina


Machimbo ya Nyakarama
8 Machi 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa bega la baba. Huku tumekuwa na jua siku kumi mfululizo, vumbi la mashimoni linaingia mpaka kwenye ugali. Ruhusa ya Pasaka nimepewa, siku nne.

Mazoezi nimefanya. Jumapili naweza vizuri kabisa, hata magoti ishirini. Siku za kazi siwezi. Nikiinuka, nyumba inakwenda upande wa kulia na mimi naifuata. Wenzangu hawacheki tena.

Jumanne nilitoka kisimani na mtungi kichwani. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kubeba, unajua tangu nina miaka saba sijawahi kuvunja hata kibuyu. Sikujikwaa, Shangazi. Njia ilikuwa kavu. Nimeanguka tu, na mtungi ukavunjika, na nilikaa chini muda mrefu nikishika nyasi kwa mikono miwili ili nisidondoke, nawe jiulize mtu aliyekaa chini anadondokea wapi.

Nakuuliza jambo moja. Katika ukoo wetu kuna mtu aliyekuwa anaanguka? Nijibu hilo, hata kama mengine utayaacha.

Ni mimi,
Kokuhirwa


Kayanga
13 Aprili 1953

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba mgongo hauumi. Baba yako anakusalimu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Migomba ya upande wa chini imeingiwa na wadudu, tumeng'oa minne.

Uliniuliza swali kwa barua, ukaniuliza tena ulipokuja. Swali hilo liache.

Lipo la kukuambia, nalo ningekuambia uso kwa uso, ila lori liliondoka nawe kabla sijapata ujasiri. Ndiyo, mimi Evangelina nimekosa ujasiri. Siku ile wewe ulikuwa umeshabebwa ndani, hukusikia nilichosema nje.

Ulikuwa umefika asubuhi ile ile, na jana yake walikukalisha kitini ingawa ilikuwa Pasaka. Wageni sita uliwapita vizuri. Nilikuwa nimeanza kupumua. Wa saba alikuwa Kokugonza. Ulipoinuka ukaenda upande kama mtu aliyesukumwa, kikapu kikaruka, buni zikammwagikia mapajani, nawe ukalala kwenye majani macho yakiwa wazi. Wakakubeba kukuingiza ndani. Nikamwona Kokugonza anarudisha miguu nyuma na kukusanya nguo zake zisikuguse. Unajua watu hukusanya nguo hivyo kwa ajili ya ugonjwa gani. Neno kifafa lilikuwa limeshafika mdomoni mwake, nililiona likija. Nikalitangulia. Nikasema, “Mtusamehe, jamani. Mtoto ameonja lubisi huko jikoni. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeiacha wazi.”

Mdomo ulikwenda wenyewe. Kokugonza akaachia nguo. Lakini Mzee Kaijage akasimama, akasema, “Mwanangu hataoa mlevi. Ataoa aliyetubu. Binti asimame kanisani aseme kwa kinywa chake, na sisi tutamwimbia.” Rwegoshora alikuwa anaokota buni moja moja kuzirudisha kikapuni.

Njoo Pentekoste, mwanangu. Pombe inatubiwa Jumapili moja na watu wanakukumbatia. Hili lingine halina toba.

Shangazi yako,
Evangelina


Machimbo ya Nyakarama
10 Mei 1953

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kwa mbuzi. Poleni kwa migomba.

Barua yako nimeisoma nikiwa kitini, vikombe masikioni, na watu wa pampu walipiga mara nne nisiwasikie. Mimi sijawahi kuonja lubisi, Shangazi. Unajua. Umenilea wewe.

Lakini sikuandikii kwa hasira, nakuandikia kwa sababu nimepata jibu la swali ambalo hutaki kulijibu. Nilikwenda kwa Yustasi, dresa wa hapa. Amenitazama masikio, kisha akanipima kwa namna ya ajabu. Jioni baada ya kazi alinisimamisha kwa mguu mmoja, macho nimefumba, akahesabu. Alifika tatu nikaanguka. Jumapili jioni, baada ya kutwa nzima bila vikombe, alihesabu mpaka arobaini, akachoka yeye. Amerudia wiki tatu, na kila mara ni vile vile. Anasema ndani ya sikio, mbali huko, ndiko mwili unakojua juu ni wapi na chini ni wapi, na kelele za kutwa zinapavuruga.

Tena akafungua daftari lake la wagonjwa. Kabla yangu kwenye kiti hiki alikaa Komujuni wa Isingiro, na kabla yake msichana mwingine. Wote wawili wameandikwa kuanguka. Wote wawili wamefukuzwa kwa ulevi. Wanaume wa zamu ya usiku hawaanguki, lakini wao simu hulia mara mbili tatu tu, na huweka kikombe kimoja sikioni, kingine kinaning'inia. Sisi tumefungwa vyote viwili saa kumi kwa siku.

Nilimwomba karani, Bwana Melkiory, niwe navua kila baada ya muda. Akasema simu haisubiri. Nilipomweleza sababu alicheka, akawaita wenzake nirudie. Kuondoka siwezi, sahihi yangu ni hadi Julai, na aliyevunja mkataba hupelekwa kwa polisi.

Yustasi anaandika karatasi ya kumpelekea Bwana Mkubwa, yenye majina yetu watatu. Anasema wale wawili wameshaondoka na jina baya, mimi ndiye shahidi aliyebaki. Mimi tu.

Kwa hiyo nenda kwa Mzee Kaijage kabla ya Pentekoste. Mwambie ulisema uongo kwa hofu, na kwamba ni vikombe. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba mama. Sitakuja kutubu.

Ni mimi,
Kokuhirwa


Kayanga
15 Juni 1953

Mwanangu Kokuhirwa,

Baba yako ni mzima, bega limepona, mguu uko vile vile. Mvua ilikuwa kubwa mno. Lori lilizama kwenye tope karibu na Kaisho na kukaa huko, na barua yako uliyoiandika tarehe kumi Mei nimeipata juzi Jumamosi. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Pentekoste ilishapita. Hukuja, nikaona watu wa Kaijage wanageuka kutazama mlangoni, nikasimama mimi. Nikatubu kwamba nyumba yangu ina pombe na kwamba nimemwacha mtoto aonje. Waliimba, Kokuhirwa. Kokugonza alinikumbatia. Nililia, na wakadhani ni toba. Mzee Kaijage amesema arusi ipo, imebaki wewe tu usimame kwa zamu yako.

Sasa nitakujibu lile swali, kwa sababu nimeona kunyamaza hakujasaidia kitu. Nilikuwa na mdogo wangu, Kembabazi. Baba yako hajakutajia, nami sikuwahi. Alikuwa anaanguka na kutetemeka. Siku moja aliangukia motoni, na watu watatu waliokuwepo hawakumvuta, waliogopa kumgusa. Nilikuwa kisimani. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, nyuma ya nyumba, akila kwenye chombo chake peke yake, na nyumba yetu haikupigwa hodi na mposaji hata mmoja kwa miaka sita. Ndiyo maana niliolewa mtu mzima, na ndiyo maana niliinuka na homa yangu mbele ya watu kumi na wanne.

Ninakuamini kuhusu vikombe. Nakuamini kwa sababu ni wewe. Lakini hapa Kayanga nani amewahi kufunga simu kichwani? Nikienda kwa Kaijage nimwambie hukunywa, ataniuliza basi ulianguka kwa nini. Nitamwambia ni masikio. Atamtazama Kokugonza, na Kokugonza atakusanya nguo zake, na safari hii hakuna nitakachosema, kwa kuwa nitakuwa nimeshaitwa mwongo mbele ya madhabahu. Nimejifunga mwenyewe na nimekufunga na wewe. Sioni pa kupitia. Nimekaa siku mbili natafuta, sioni.

Simama Jumapili moja tu. Ninakupigia magoti, mimi niliye shangazi yako.

Evangelina


Machimbo ya Nyakarama
5 Julai 1953

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa baba.

Barua yako imelala chini ya mkeka wangu wiki mbili. Nimemlilia Kembabazi ambaye sikumjua.

Jana nilimwambia Yustasi asiniandike. Hakugomba. Alisema bila mimi karatasi yake ina walevi wawili na dresa mmoja. Nikamwambia najua. Alitaka kujua kama nimetishwa na Melkiory, nikasema hapana. Nani amenitisha, Shangazi? Nimetafuta mtu wa kumkasirikia nikakosa, na hilo ndilo linalonichosha kuliko kuanguka.

Nitarudi mwisho wa mwezi. Nitasimama.

Kokuhirwa


Kayanga
29 Novemba 1953

Mwanangu, mke wa Mwalimu,

Umeamkaje huko Isingiro? Mume wako hajambo? Tangu arusi sijakuandikia, nilitaka ukae kwanza. Baba yako anatembea na fimbo na kuwaambia watu wote mkwe wake ni mwalimu, hata wale waliohudhuria arusi. Kahawa tumeuza vizuri. Mimi tumbo linanisumbua kidogo, si kitu.

Kila Jumapili watu wananiambia ulivyosimama siku ile ya pili Agosti, sauti bila kutetemeka. Mimi nakumbuka ulivyoshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa nyuma yako, tayari kukudaka. Ahsante Mungu hukuanguka. Nasikia sasa unabeba mtungi bila kuushika.

Yustasi yule dresa alipita hapa wiki jana. Ameacha kazi machimboni, anakwenda kwao Bukoba. Alikaa nusu saa, hakunywa hata maji. Anasema karatasi yake aliipeleka, na kwamba jina lako hakuliandika, alitimiza ulivyomwomba, aliweka tu “msichana wa tatu.” Lakini Melkiory alipata habari za kanisani, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba msichana wa tatu amekiri ulevi mwenyewe mbele ya kusanyiko zima. Basi Bwana Mkubwa akairudisha. Kiti kimepata mwingine. Nimekuandikia kwa sababu aliniomba nikuandikie. Sina la kuongeza.

Ule vizuri.

Shangazi yako,
Evangelina


Isingiro
17 Januari 1954

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi tumeamka salama. Mume wangu anakusalimu sana na anauliza tumbo. Shule imefunguliwa, ana watoto sitini na madawati kumi na mawili. Hapa nyumbani tumepanda maharage kati ya migomba, yameota vizuri. Mama mkwe ananipenda, na shangazi Kokugonza alipokuja Krismasi nilimpigia magoti na kuinuka, akanitazama nikiinuka, akatabasamu. Mwishoni hata Jumapili ya mapumziko haikunitosha, lakini sasa nimepona kabisa. Ilichukua miezi mitatu, kama Yustasi alivyosema itachukua.

Msichana aliyepewa kiti anaitwa Pulkeria. Ana miaka kumi na saba. Wale wenzangu wa chumbani walimpa jina langu, akaniandikia, na barua ikafikia shuleni kama barua zetu zinavyofikia, ila zako ambazo dereva hunipa mkononi, mume wangu akaifungua na kunisomea. Ni barua fupi. Anasema, “Dada, wanasema nalewa. Sijawahi kunywa. Na wewe sakafu ilikuwa inakwenda upande wa kulia?” Amepigia mstari neno kulia. Amesema hana mwingine wa kumuuliza.

Rwegoshora alihuzunika sana. Akaniletea wino na karatasi ya shule, akasema, “Mwandikie jinsi ulivyookoka, mke wangu. Ushuhuda wako utamwokoa.” Akaketi upande wa pili wa meza kunisubiri. Ni mtu mwema, Shangazi, sitaki umfikirie vibaya. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakaukia kwenye ncha, akanichovyea tena mwenyewe, akanirudishia. Nikafikiria nikiandika la kweli atalisoma, na akilisoma atajua nilisimama mbele ya Mungu na baba yake nikasema uongo, na wewe kabla yangu, na baada ya hapo ataanza kuhesabu kila nilichowahi kumwambia. Nikafikiria na Kembabazi.

Nilimwandikia kwamba mimi ilikuwa lubisi. Nikamwambia atubu, ataona sakafu inatulia. Mume wangu aliisoma akafurahi, akaongeza mstari wa Zaburi chini. Imeondoka na lori la leo asubuhi.

Ni mimi,
Kokuhirwa